Nani Alimuuliza? Hotuba kwa walimu watarajiwa kuhusu saikolojia ya shule

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita kwa wanachuo wa mwaka wa mwisho wa ualimu, siku ya taaluma. Wenzao ambao hawajarudi kutoka mazoezi ya kufundisha wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe projekta iligoma.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wangu, walimu wenzangu, wanachuo, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi?

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Habari za asubuhi?

Haya, sasa mmeamka.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya saikolojia ya shule. Siku nilipomwambia marehemu baba yangu kwamba naacha kufundisha hisabati nirudi chuo kusoma saikolojia, alinyamaza kitambo, akashusha redio yake, akaniuliza, "Sasa mwanangu, ndiyo utahamia Mirembe?"

Mnacheka. Subirini, mjomba wako naye atakuuliza hivyo hivyo. Kwetu sisi saikolojia ni Dodoma, ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni mtu anayeokota makopo barabarani. Kwamba mtoto mwenye akili zake timamu, anayekula ugali na kucheza chandimu jioni, anaweza naye kuhitaji mtu wa saikolojia, hilo bado halijaingia vichwani.

Na humu humu shuleni tunalo kosa letu jingine. Tunadhani kazi hii ni kutoa mawaidha. Mtoto akiharibu, apelekwe kwa mwalimu wa malezi apewe nasaha. Nasaha zenyewe mnazijua, mmezisikia tangu chekechea. Soma kwa bidii. Elimu ni ufunguo wa maisha. Angalia wazazi wako wanavyohangaika. Mtoto anaitikia "ndiyo madam", anatoka, kesho yuko pale pale. Tunasema huyu ameshindikana.

Ameshindikana, sawa. Nani alimuuliza?

Hilo ndilo swali langu la leo, na mtalisikia mpaka mlichoke. Nani alimuuliza?

Nilianza kazi Kanda ya Ziwa, shule ya sekondari ya kata, umbali wa kutembea kutoka kwenye mwalo. Nilikuwa na vipindi 24 vya hisabati kwa wiki, na kidato cha pili nikiwa mwalimu wa darasa. Humo darasani kulikuwa na kijana mmoja mtoro. Mtoro kweli kweli. Na siku akija, anakuja saa ya pili, anakaa nyuma, analala. Si kulala kwa kusinzia. Analala kama aliyekufa, mdomo wazi, mate juu ya daftari.

Mimi nilimchapa. Nasema hivi mbele yenu kwa sababu baadhi yenu mtakwenda huko na fimbo mkononi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi sikuwa na idhini, sikuandika popote. Nilimchapa viganjani. Viganja vyenyewe vilikuwa vigumu kama soli ya kandambili, na vina magamba madogo meupe yanayong'aa. Niliyaona magamba yale. Niliyaona, nikachapa.

Mwisho wa muhula nikawa najumlisha daftari la mahudhurio. Wengi hulijaza ili mkaguzi asiwakute na mapengo, basi. Siku hiyo umeme ulikatika, sina la kufanya, nikawa naangalia mstari wa yule kijana. Tiki, tiki, tiki, kama siku saba hivi za masomo. Halafu mikasi, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, hapa na pale tiki ya saa ya pili. Halafu tiki tena, mfululizo. Halafu mikasi. Nikajiambia, utoro una fujo; huu mbona una mpangilio?

Pembeni yangu alikaa mwenzetu wa Kiswahili, mtu wa swala tano, ana kalenda ya Kiislamu mezani kwake. Alichungulia daftari, akachukua kalenda, akashika penseli. Hakusema kitu kama dakika mbili. Kisha akasema, "Madam, huyu mtoto anakuja shule mwezi ukiwa kumi na nne."

Kuna mtu wa Mwanza humu? Wa Ukerewe? Wa Musoma? Nyoosheni mikono. Ninyi mmeshaelewa, nyamazeni kwanza wenzenu wafike.

Dagaa huvuliwa gizani. Mtumbwi unakwenda na taa, dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wanapumzika wiki moja hivi katikati ya mwezi, wanashona nyavu, wanalala. Giza likirudi, wanarudi ziwani. Kijana wangu alikuwa anashika taa usiku kucha. Mbalamwezi ilipokuja alipata likizo kazini, na likizo hiyo aliitumia kuja shule.

Hebu fikirini. Mtoto amepewa wiki moja ya kulala, anakuja kukaa kwenye dawati langu asome hesabu za mafumbo. Na mimi nilimwita mvivu.

Nani alimuuliza? Si mimi. Nilikuwa nimemuuliza "kwa nini umechelewa", lakini lile si swali, ni mashtaka. Jibu lake ni kimya, na kimya chake ni kiburi, na kiburi dawa yake ni fimbo. Mnaona jinsi tunavyofika?

Msiniulize kama mambo yaliisha vizuri kama kwenye tamthilia. Baba yake alikuwa amefariki, mama ana watoto wengine watatu. Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji, tukakaa na tajiri wa mtumbwi, ambaye alinikasirikia sana na baadaye akaelewa kidogo. Mama akapewa nafasi ya kuanika dagaa mchangani mchana, kijana akaacha ziwa la usiku, isipokuwa, kama nilivyokuja kugundua, usiku wa kuamkia Jumapili. Kidato cha nne alipata daraja la nne. La nne, ndugu zangu. Lakini alikaa kwenye mtihani, na hakuwa amelala.

Sasa, kazi hii ni nini? Ni kusoma daftari lile. Ni kumtazama mtoto, kuweka taarifa zake pamoja, kubahatisha sababu, kuijaribu, kukosea, kujaribu tena. Ni uchunguzi. Mawaidha ni kijiko kimoja tu katika chungu kizima.

Na si jambo la wageni tuliloletewa juzi. Mwaka 1896 Mmarekani Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mteja wake wa kwanza hakuwa mtu wa kufungwa kamba. Alikuwa mtoto wa shule aliyeshindwa tahajia. Na nani alimleta? Mwalimu wake. Mwalimu aliona mtoto ana akili lakini herufi hazikai, akaona fimbo haitafundisha tahajia, akaenda kuuliza. Kwa hiyo mkiambiwa saikolojia si kazi ya mwalimu, waambieni mwalimu ndiye aliyebisha hodi.

Niwape kisa cha pili, kifupi. Msichana wa darasa la tatu, shule ya msingi niliyokuwa naitembelea nikiwa masomoni. Hajui kusoma. Mwalimu wake, mama mwema kabisa, akaniambia, "Huyu ni mzito tu, hata kwao wote wako hivyo." Nilikuwa nimetoka chuoni na mkoba wangu wa vipimo, nimejaa nadharia mpaka puani. Nikakaa naye kwenye benchi nje, kabla hata sijafungua mkoba nikasikia harufu. Sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha. Nikamwita jina nikiwa nyuma yake. Hakugeuka. Nikaita tena. Hakugeuka. Miaka mitatu amekaa dawati la nyuma, karibu na dirisha la barabarani, sikio moja linachuruzika, na la pili nalo halikuwa zima. Alihitaji zahanati na dawati la mbele. Vipimo vyangu vya akili nilivirudisha mkobani.

Kwa hiyo andikeni hili, kama mna kalamu: masikio kwanza, macho kwanza, tumbo kwanza. Amekula? Anaona ubao? Anasikia? Amelala wapi jana? Ukishamaliza hayo, ndipo ufungue mkoba.

Na mkoba wenyewe uufungue kwa adabu. Vipimo vingi tulivyonavyo vilitungwa kwa watoto wa kwingine. Kuna mtafiti, Robert Serpell, alichapisha kazi yake mwaka 1979, ambaye alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa kukunja waya, wa Lusaka waliwashinda wa Manchester. Mnajua kwa nini. Nani hapa hajawahi kutengeneza gari la waya, au kumwona kaka yake akitengeneza? Sasa jiulize: kama ungekuwa na kipimo cha penseli peke yake, watoto wa Lusaka ungewaandika nini kwenye fomu? Na fomu ile ingewafuata miaka mingapi?

Ninayaogopa sana maneno tunayowaandikia watoto. "Mzito." "Hana mwelekeo." Yakishaandikwa kwa wino wa mwalimu, hata mtoto mwenyewe huyasoma akayaamini.

Sasa nifike pagumu. Hapa sitanyanyua sauti, naomba na ninyi mwache simu.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, matokeo yakatolewa 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Hebu ingieni nayo darasani. Darasa lenye wasichana 30 na wavulana 28, la kawaida tu. Wasichana tisa. Wavulana wanne. Wamekaa mbele yako, wananakili ubaoni.

Nikiwa mwaka wangu wa kwanza kama mnasihi, yaani mshauri wa wanafunzi, alinijia msichana wa kidato cha tatu baada ya kengele ya mwisho. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akasema, "Madam, nikikwambia kitu utamwambia mtu?" Nami, kwa huruma yangu na ujinga wangu, nikajibu haraka, "Simwambii mtu yeyote, mama. Niambie."

Akaniambia. Aliishi kwa dada yake, na shida ilikuwa shemeji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kila mwanajamii, sembuse mwalimu. Nilijua. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukaenda pamoja dawati la jinsia na watoto, polisi. Msichana alihamishwa nyumba ile. Lilikuwa jambo sahihi, na ningelifanya tena kesho. Lakini yeye aliniangalia kwa macho ambayo mpaka leo nikiosha vyombo nayaona. Kwa muhula mzima hakuongea nami. Mtu mzima mmoja alikuwa amemvunjia imani nyumbani, na wa pili, mimi, nilimvunjia shuleni, kwa sababu niliahidi nisichoweza kukitimiza.

Siku hizi mtoto akiniuliza "utamwambia mtu?", namjibu, "Mengi hayatoki hapa. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au wewe mwenyewe unataka kujiumiza, au kuumiza mwingine, nitatafuta mtu wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani na kwa nini." Baadhi yao hugeuka wakaondoka. Inauma. Wengi hurudi baada ya siku mbili tatu, na wanaporudi wanajua wanachokijia.

Na siri ambayo sheria haikulazimishi kuitoa, ikae. Isiende ofisi ya walimu wakati wa chai. Mnajua ninachosema. Mmeshakaa ofisi hizo mkiwa mazoezini, mmesikia mtoto wa watu akitafunwa pamoja na maandazi.

Kitu kingine, nakipitia haraka. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Mlango umefunguliwa, tushukuru. Ila mtu akirudi nyumbani baada ya safari ndefu, hatumwachii mlango wazi tu, tunampokea mzigo. Msichana anakaa darasani saa tano asubuhi, maziwa yamejaa, sare imelowa kifuani, wenzake wa nyuma wanacheka. Amerudi ndiyo. Nani amempokea? Nani alimuuliza mtoto amemwacha na nani?

Sasa najua mnataka nifike kwenye mkate. Kijana pale nyuma mwenye shati la bluu ananiangalia tangu mwanzo kwa jicho la "mama, mshahara je?"

Nitasema ukweli. Tanzania ukisoma mambo haya, uwezekano mkubwa ni kwamba utaajiriwa kama mwalimu, utapangiwa somo, na unasihi utapewa juu yake kama kofia juu ya kilemba. Vipindi havitapunguzwa. Ofisi itakuwa stoo ya majembe, kama yangu ya kwanza. Niliwahi kumsikiliza mtoto akilia huku mwenzake anabisha hodi kuchukua reki. Marekani chama chao cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500. Mimi nilikuwa na wanafunzi zaidi ya elfu moja, majembe na hisabati.

Basi mbona niko hapa nawashawishi? Kwa sababu njia zipo na zinapanuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia. Anayependa upande wa ulemavu na mahitaji maalumu, kuna chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Anayetaka kwenda mbali upande wa tiba, Muhimbili wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Shule binafsi kadhaa sasa zinaajiri wanasihi wa kudumu, na mashirika ya watoto yanawatafuta. Wala usisubiri barua ya ajira ndipo uanze: ukiwa mwalimu wa jiografia unayejua kusoma daftari la mahudhurio, umeshaanza.

Ila kabla hujajaza fomu, jipime. Wewe ukiwa na hasira unafanya nini? Unaweza kukaa kimya dakika nne bila kutoa ushauri? Jaribuni leo jioni na mwenzako wa chumba. Akuambie shida yake, wewe usishauri. Dakika nne. Nimewahi kuona wachungaji na masheikh wakishindwa, na mimi mwenyewe nyumbani hushindwa, wanangu wanasema, "Mama, leo uko kazini au uko nyumbani?"

Na tafuta wa kukusikiliza wewe. Mwaka wangu wa tano nilianza kuota ndoto za watoto wa watu. Nikawa nafokea wanangu, nikawa siwezi kusikia mlango ukigongwa. Nilidhani ni malaria. Mwalimu wangu wa zamani wa chuo ndiye aliyenipigia simu kwa jambo jingine kabisa, akasikia sauti yangu, akasema, "Wewe umekula lini ukiwa umekaa?" Tangu siku ile tunazungumza kila baada ya wiki mbili. Humweleza kesi bila majina, yeye huniuliza nilichokwepa kujiuliza. Msiingie kazi hii bila mtu wa namna hiyo. Na mkikwama usiku na mtoto yuko hatarini, simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni bure, saa 24. Ibandikeni ukutani darasani, chini, usawa wa macho ya mtoto, si juu kwenye picha ya viongozi.

Mkuu wa chuo ananionyesha saa. Namalizia.

Nimekuja na nakala ya lile daftari la mahudhurio la kidato cha pili. Majina nimeyafunika kwa karatasi. Nitakuwa pale nje chini ya mwembe mpaka saa kumi, atakayetaka aje aone mstari wa kijana wa dagaa. Lakini hasa nataka mtazame mstari wa 31. Huyo ni mwingine. Muhula mzima hakuja hata Jumatano moja. Siku nyingine zote yupo, na mapema. Alihama shule kabla sijamuuliza. Nimebaki na daftari, na kila baada ya muda naliangalia. Gulio letu lilikuwa Jumamosi, kwa hiyo asije mtu kuniambia gulio.

Asanteni sana.